Prado 120 ya 2.7: haijawahi kunilaza njiani, ila mlimani inanitesa. Nibadilishe au nivumilie?

#1 Kibuyu Kikavu

Wakuu salaam.

Nina Prado 120, petroli, injini ya 2TR-FE ya lita 2.7, gia otomatiki ya hatua nne. Huu ni mwaka wa tisa niko nalo na dashibodi inasoma kilomita 268,000. Halijawahi kunilaza njiani hata usiku mmoja. Oili namwaga kila kilomita 5,000. Nimebadilisha shokapu mara mbili, bushi, alterneta mara moja, rejeta mara moja. Injini haijawahi kufunguliwa. Asubuhi linawaka kabla hujamaliza kuzungusha ufunguo.

Shida ni nguvu. Nililinunua tukiwa wawili na mabegi yetu. Sasa tuko watano, watoto wamerefuka, na tangu mwaka jana navuta tela la mizinga ya nyuki. Juu nimefunga keria, mbele bampa la chuma. Nikianza kupanda mlima linashuka gia ya tatu, linarudi ya nne, linashuka tena, kelele kama mashine ya kusaga, huku mshale wa spidi unarudi nyuma: 80, 70, 60.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Mwezi uliopita nilitoka kulipita lori la magogo. Siku hiyo sikuwa na tela. Barabara ilikuwa nyeupe, nilipima vizuri, nikakanyaga mafuta mpaka chini. Likanguruma, likashusha gia, halafu likabaki palepale. Nilikaa sambamba na tairi za katikati za lori muda mrefu kiasi kwamba nikaona matope yaliyokaukia kwenye nati, moja baada ya nyingine. Gari likachomoza mbele. Dereva wa lori ndiye aliyeniokoa, alipunguza mwendo nikaingia. Mke wangu hakusema neno. Alishika kile kishikio cha juu ya mlango hadi tulipofika, na usiku ule sikulala.

Nafikiria V6 ya lita 4.0, au dizeli ya 3.0 D-4D, au niruke kabisa niingie kwenye magari mapya yenye tabo (kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini). Au nibaki na hili nibadilishe mazoea yangu. Naombeni mawazo ya watu walioyaendesha.

#2 Tairi Kipara

Usiuze. Gari la miaka tisa bila kulala njiani halipatikani dukani. Hilo la kununua litakuja na historia ambayo muuzaji hatakusimulia.

#3 Fundi Nozeli

Kibuyu, kabla ya yote: gari ni dhaifu au ni gonjwa? Ni vitu viwili tofauti.

2.7 ya kwenye 120 ilitoka kiwandani na nguvu farasi 163, tena kwa mizunguko 5,200 kwa dakika, ndani ya gari linalokaribia tani mbili. Mbio halijawahi kuwa nazo. Lakini kushuka hadi 60 kunanipa shaka. Fanya haya, sio siku moja, ila yote:

Fungua ea klina. Nasema hivi kwa sababu nimewahi kuletewa gari ambalo mwenyewe keshapata mteja kwa kuchoka nalo. Nilipofungua boksi la chujio nikakuta panya amejenga: majani makavu, manyoya ya kuku, kipande cha soksi ya mtoto. Injini ilikuwa inavuta pumzi kupitia kiota. Mteja akaambiwa gari haliuzwi tena.

Baada ya hapo safisha sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu, usiguse ule waya kwa kidole wala kitambaa. Angalia plagi. Pima presha ya pampu ya mafuta. Pima kompresheni silinda zote nne. Zikikaribiana, injini ni nzima, zikitofautiana sana tutaongea lugha nyingine. Masega ya kwenye ekzosi (katalisti, yanayosafisha moshi) nayo huziba na umri. Dalili yake ni kwamba mjini gari linakwenda sawa, ukilikanyaga kwa muda mrefu linakata pumzi. Funga geji ya vakyumu (inayopima injini inavyovuta hewa), shikilia mizunguko 2,500. Mshale ukizama taratibu badala ya kutulia, moshi hauna njia.

Na breki. Endesha kilomita ishirini kwenye barabara isiyohitaji breki sana, simama, pitisha mgongo wa mkono karibu na kila rimu. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, umekuwa ukipanda milima na breki imeshika.

Mwisho, tairi zako saizi gani?

#4 Hesabu Kwanza

Naongezea alipoishia Fundi, maana watu wanabishana nguvu bila kuipima.

Gari na watu watano na mizigo, bila tela, chukua kilo 2,300. Mlima wa asilimia 6, yaani kila mita 100 unapanda mita 6. Mwendo 80. Kuupandisha huo uzito peke yake kunataka kilowati 30. Upepo na tairi, ongeza kama 13. Hizo ni zinazofika chini kwenye tairi. Giaboksi, propela na difu zinakula karibu moja ya tano, kwa hiyo injini inatakiwa itoe kilowati 54 hivi.

2TR-FE inatoa kilowati 120 (ndizo zile farasi 163) kwa mizunguko 5,200. Kwa mizunguko 2,000 hadi 2,300 inatoa kama 45 hadi 52 tu. Umeona? Gia ya nne haitoshi kabisa, ya tatu inatosha kwa shida. Ndiyo maana gia inapanda na kushuka, inatafuta mahali pa kukaa na haipati. Ukifunga tela uzito ukafika kilo 3,100, hitaji linakaribia 73. Hapo ni gia ya pili na kelele zake.

Na kama mlima wenyewe uko mita 2,000 juu ya bahari, hewa imepungua karibu moja ya tano. Injini isiyo na tabo inapungua nayo vilevile.

Kwa hesabu hizi gari lako linaweza kuwa zima kabisa na bado likafanya hayo unayoyasema. Fundi, sikukatalii, ila usimpe matumaini makubwa.

#5 Bibi Stelingi

Mwanangu Kibuyu, pole kwa ule mkasa wa lori.

Mimi nina 2.7 kama yako, gia ya mkono, na umri wangu mnaujua. Napanda na kushuka kila wiki. Kosa unalolifanya ni kusubiri mlima ukushushie gia. Ishushe wewe. Zima O/D (ile gia ya juu kabisa, ya nne) kabla hujaanza kupanda, ukiona bado, weka 2. Acha injini ilie 3,500, 4,000. Ile si kelele ya maumivu. Injini hii msokoto wake (torque, nguvu ya kuzungusha) mkubwa, karibu Nm 245, unapatikana kwenye 3,800. Wengi wanaiendesha kwenye 1,800 kwa huruma halafu wanasema haina nguvu. Kinachoumiza otomatiki ni hiyo panda-shuka inayochemsha oili yake.

Kulipita lori: usimkaribie mpaka unusie moshi wake. Kaa nyuma, upate nafasi ya kuanza mbio ukiwa bado upande wako, gia imeshashuka. Ukitoka, unatoka ukiwa na mwendo tayari.

#6 Shina la Mbuyu

Bibi heshima yako, lakini mtu hanunui gari ili aombe ruhusa kwa kila lori.

Nilikuwa na 2.7, nikahamia V6 ya 4.0, 1GR-FE, mwili uleule wa 120. Nguvu farasi 249, Nm 380 kasoro kidogo, gia hatua tano. Mlima niliokuwa naupanda 55 gia ya pili sasa napanda 90 nikiongea. Cheni ya taimingi kama ya kwenu, hakuna mkanda. Mafuta inakula zaidi mjini, hilo nakubali. Safari ndefu yenye mzigo tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyotishana, kwa sababu 2.7 muda wote iko koo wazi.

#7 Tairi Kipara

@Shina "tofauti ndogo" ndiyo maneno ya kila mwenye V6 nimjuaye. Rafiki yangu anasema hivyohivyo, na kila tukisafiri pamoja namsubiri kituo cha mafuta.

#8 Pweza

Dizeli jamani, mbona mnaizunguka. D-4D ya 3.0 ina nguvu maradufu ya 2.7. Unapanda mlima wowote kwa gia ya nne unapiga mluzi.

#9 Hesabu Kwanza

@Pweza hapana, si maradufu. Hiyo 1KD-FTV kwenye Prado 120 ina nguvu farasi kati ya 163 na 173 kutegemea mwaka. Yaani kileleni iko sawa na 2.7, au imeizidi kidogo sana. Inachoizidi ni msokoto: Nm 343 kwa zile za mwanzo, 410 kwa za baadaye, na unaupata kuanzia mizunguko 1,600. Kwa mizunguko 2,000 ile ya Nm 343 inatoa kilowati 70 na ushee pale ambapo 2.7 inatoa 45. Ndiyo maana inapanda kimya.

Ila kwa tukio la lori, mguu ukiwa umefika chini na mizunguko imepanda, dizeli haimpi Kibuyu nafuu kubwa. Kutoka 80 hadi 110 na mzigo ule, 2.7 inachukua kama sekunde nane hadi tisa kwa makadirio yangu, na katika muda huo umetembea zaidi ya mita 200 upande usio wako, huku anayekuja naye ametembea zake 200. V6 inachukua kama sekunde tano. Dizeli iko jirani na 2.7 kuliko V6.

Kwa hiyo Kibuyu ana matatizo mawili, si moja. La mlima dizeli inalitibu. La kulipita lori, V6.

#10 Pweza

Sawa, nimesahihishwa kwenye farasi. Lakini kwa mtu anayevuta tela kila siku nabaki palepale. Pia tabo haiogopi mwinuko wa bahari kama hizi zinazovuta hewa zenyewe.

#11 Fundi Nozeli

Dizeli hiyo nzuri, ila inunue ukijua unanunua nini. Washa za shaba za kuzibia chini ya nozeli zikichoka, moshi wa mwako unaingia kwenye oili, oili inatengeneza masizi, masizi yanaziba kichujio cha kufyonzea oili kule chini kwenye sampo. Injini inakosa oili na mwenyewe hajui. Nikipewa 1KD ya kukagua, jambo la kwanza ni kuteremsha sampo nione kichujio. Muuzaji akikataa, nafunga boksi la spana. Na hii ina mkanda wa taimingi, uliza ulibadilishwa lini na uone karatasi.

Na mafuta machafu. 2.7 itameza mengi na kukohoa tu. Nozeli za komoni reli, mfumo wa presha kubwa wa dizeli hii, hazisamehi maji.

#12 Dereva Mstaafu

Nawasoma tangu juzi. Naomba niseme yangu.

Nilikuwa na gari la aina hii, la zamani, zito, pole. Nikalichoka kwa sababu kama zako. Nikauza kwa jirani, nikachukua jingine lenye tabo mbili, aina yake siitaji. Mbio, utasema ndege. Mwezi wa kwanza nilikuwa natafuta sababu ya kutoka nyumbani. Mwezi wa tano likawasha taa, likakataa kuzidi 60. Likalala kwa fundi wiki tatu likisubiri kipuri. Likatoka, likarudi, safari hii ni mfumo wa shoki za hewa, upande mmoja umelala chini kama ng'ombe anayetaka kuzaa. Katika miezi kumi na minne niliyokaa nalo, minne halikuwa nyumbani. Na jirani alikuwa anapita mbele ya geti langu kila asubuhi na lile la zamani. Sauti yake naijua. Nilikuwa naisikia nikiwa bado kitandani.

Gari lisilotembea lina nguvu farasi sifuri, Kibuyu.

Swali langu lakini ni jingine. Hilo tela lina uzito gani likiwa na mizinga, na lina breki zake?

#13 Mama Wawili

Mzee Dereva, pole sana, ila kisa chako ni cha gari ulilochagua. Si kila anayebadilisha anapotea.

Mimi nilibaki na gari pole miaka sita kwa sababu kila mtu, kuanzia kaka yangu hadi fundi, aliniambia "hilo ni chuma". Kweli lilikuwa chuma. Na kila nikiwa barabarani na wanangu nyuma nilikuwa nafanya hesabu za uoga: je, nitafika, je, yule anakuja haraka kiasi gani. Nilipobadilisha nililia, na sioni aibu kuandika hivyo. Mabega yalishuka. Kuaminika si injini kuwaka asubuhi tu. Hata kujua kwamba ukikanyaga litaitika ni kuaminika.

Kibuyu, yale matope kwenye nati uliyoyaona, usiyapuuze.

#14 Kapteni Gia

Kuna njia ya katikati hamjaigusa.

Kwanza, vile vidude vya kufunga kwenye pedeli ya mafuta wanavyouza mtandaoni. Haviongezi hata farasi mmoja. Vinabadilisha tu pedeli, ukigusa nusu kompyuta inadhani umekanyaga robo tatu. Gari linaonekana jepesi mjini, mlimani mguu ukiwa chini ni lilelile. Usitoe hela yako.

Pili, petroli ya okteni ya juu. Mgandamizo wa 2TR-FE hii ni 9.6 kwa 1, imetengenezwa kwa petroli ya kawaida. Hakuna unachopata.

Tatu, kinachofanya kazi kweli ni kubadilisha meno ya difu, mbele na nyuma, yawe mafupi. Injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule. Utapoteza ukimya kwenye barabara tambarare, utapata mlima. Kazi yake si ndogo, na kama hupati fundi anayejua kupanga meno ya difu, achana nayo, yatalia mpaka uyachukie.

#15 Kibuyu Kikavu

Asanteni nyote, nimesoma kila neno mara mbili. Najibu niliyoulizwa.

Tela na mizinga kumi na miwili iliyojaa asali ni kama kilo 800. Breki halina.

Tairi ni 285/70R17. Nilizifunga miaka mitatu iliyopita kwa ajili ya matope ya njia ya kwenda kwenye mizinga. Zilizotoka na gari zilikuwa 265/65R17.

#16 Kapteni Gia

Kibuyu!! Hilo ndilo la kusema post ya kwanza. 265/65R17 ina kipenyo cha milimita 776. Yako ina 831. Asilimia 7 zaidi. Umerefusha gia zote nne kwa asilimia 7, halafu unashangaa mlima. Mimi nilikuwa nakushauri ufupishe difu, kumbe mwenyewe umeirefusha.

#17 Tairi Kipara

Na ile 268,000 yako si 268,000. Kila kilomita 100 mita yako inahesabu 93 na ushee. Gari limezeeka kwa siri. 😄

Halafu ukidhani unakwenda 80 ulikuwa unakwenda 85. Huenda mlima unaonekana mgumu kwa sababu unaupanda mbio kuliko unavyojua.

#18 Hesabu Kwanza

@Tairi la kilomita sawa, la spidi si moja kwa moja. Mshale wa spidi kutoka kiwandani karibu kila mara husoma zaidi ya mwendo halisi, hautakiwi kusoma pungufu. Kwa hiyo tairi kubwa huenda zimeusogeza karibu na ukweli tu. Apime kwa simu yenye GPS. Ila gia zimerefuka, hilo halina ubishi, na hizo tairi zenyewe ni nzito kuzizungusha.

#19 Dereva Mstaafu

Mnacheka tairi na mimi nimeganda kwenye kilo 800 bila breki. Watengenezaji wengi wa magari ya aina hii wanaweka kikomo cha kilo 750 kwa tela lisilo na breki zake. Soma kitabu cha gari lako. Kijana wangu, unalilia nguvu ya kupanda wakati hatari yako iko kwenye kushuka. Tela litakusukuma kwenye kona. Ukinunua V6 leo utafika kileleni mapema, kisha utateremka na tela lilelile.

#20 Mama Wawili

Hapo Mzee namuunga mkono asilimia mia. Breki za tela kwanza, mengine yafuate.

#21 Pweza

Samahani nitoke nje ya mada, kilo 800 za nyuki mnazisafirishaje? Hazitoki?

#22 Kibuyu Kikavu

@Pweza tunasafiri usiku. Jioni wote wanakuwa wamerudi ndani, unaziba mlango kwa wavu ili hewa ipite, unafunga kamba, unaondoka. Injini ikiwaka mtetemo unawatuliza, wanakaa kimya. Ukisimama muda mrefu ndipo wanaanza kunguruma. Kwa hiyo mlimani nikikwama nyuma ya lori nawasikia. Safari hizo ni nne kwa mwaka, kufuata maua.

#23 Tairi Kipara

NNE kwa mwaka? Kodi pikapu siku hizo nne! Tunabadilisha gari la siku 365 kwa ajili ya usiku nne?

#24 Shina la Mbuyu

Lori la magogo halikuwa siku ya tela, rudi post #1.

#25 Kibuyu Kikavu

Mrejesho, baada ya wiki mbili na nusu.

Nilianza na ea klina. Hakukuwa na panya, lakini ilikuwa imejaa vumbi la rangi ya kahawa mpaka mikunjo haionekani. Aibu yangu. Plagi zimekula, nafasi imekuwa kubwa. Kompresheni silinda zote nne zimekaribiana, fundi wangu akatabasamu. Masega yako wazi.

Kisha nikafanya jaribio la mkono la Fundi Nozeli. Kilomita ishirini, nikasimama chini ya mti. Tairi za mbele zote mbili vuguvugu. Nyuma kulia vuguvugu. Nyuma kushoto sikuweza kusogeza mkono. Nikadondosha maji kidogo kwenye rimu, yakalia *tsss* na kupotea. Mwanangu wa kati alikuwa amesimama pembeni, akasema "baba, gari lina homa." Pini za kalipa zilikuwa zimekwama kwa kutu, pedi ya ndani imebaki unene wa kucha ya kidole gumba na ya nje bado nene. Sijui nimeendesha hivyo miezi mingapi.

Nimebadilisha pini, pedi, diski, plagi, chujio. Keria nimeishusha. Nimezima O/D kabla ya mlima kama Bibi alivyosema. Nilipokuwa nashuka hadi 60 sasa nabaki 74, 75, watu watano ndani. Gari likiachiwa tambarare linateleza kama zamani.

Kwa hiyo lilikuwa gonjwa NA ni dhaifu. Tairi sijazibadilisha, zina nusu ya uhai bado. Tela limepelekwa kufungwa breki, Mzee Dereva, nimekusikia. Halitoki mpaka liwe nazo.

#26 Fundi Nozeli

Safi sana. Hiyo kalipa ilikuwa inakula nguvu na ingekula na maisha. Sasa ukipata nafasi mwaga oili ya gia, baada ya mateso yale itakuwa imebadilika rangi.

#27 Bibi Stelingi

74! Nilijua. Mwambie huyo wa kati awe fundi.

#28 Shina la Mbuyu

74 bado ni 74. Nauliza kwa nia njema: umejaribu tena kulipita lori?

#29 Kibuyu Kikavu

Ndiyo. Mara moja. Nilifanya kama Bibi alivyoelekeza, nafasi ya kutosha, gia imeshuka kabla. Nikapita vizuri. Lakini nilipomaliza mikono ilikuwa imelowa, na mke wangu alikuwa ameshika kilekile kishikio.

#30 Mama Wawili

Ndicho nilichokuwa nasema.

#31 Tairi Kipara

Hiyo ni kumbukumbu, si gari. Itapungua. Mpe miezi mitatu na tairi za saizi yake.

#32 Mama Wawili

Na isipopungua? Ni mke wake ndiye anayekaa kiti kile, wewe uko kwenye simu.

#33 Hesabu Kwanza

Wote mna haki. Ukirudisha tairi za 265/65 unapata ile asilimia 7 ya gia bila kufungua difu. Lakini sekunde nane hazitakuwa tano. Labda saba.

#34 Kibuyu Kikavu

Kuna V6 ya 2006 inauzwa na mtu ninayemfahamu kwa mbali, mkono wa pili. Nimekubaliana naye kesho asubuhi. Mke wangu amesema anakuja na yeye ndiye ataendesha kwanza. Prado langu sijalitangaza popote, na watoto wamekataa hata nisilitaje. Kwenye V6 niangalie nini?

#35 Shina la Mbuyu

Hongera kwa hatua. Zile 1GR za mwanzoni kuna zilizosumbua gasketi ya kichwa. Angalia maji ya rejeta kama yanapungua bila kuvuja, na sikiliza wakati linawaka likiwa baridi: likitetemeka sekunde chache kisha likatulia, maji yanaweza kuwa yanaingia kwenye silinda usiku.

#36 Fundi Nozeli

Ndiyo maana usikubali ulikute linaunguruma. Mpigie leo umwambie asiliwashe. Ukifika, kabla ya salamu ndefu, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, mwambie utarudi kesho yake.